Viambishi vya Kilatini katika Kiingereza: vinapofungua njia na vinapopoteza watu

Karibu kila anayeamua kujifunza viambishi awali vya Kilatini huanzia mahali pamoja: orodha yenye safu mbili, kushoto kiambishi, kulia maana. *Ab-* ni mbali na, *ad-* ni kuelekea, *con-* ni pamoja, *de-* ni kushuka, *ex-* ni kutoka nje. Orodha inakaririwa jioni baada ya jioni. Kisha msomaji anafungua ukurasa wa Kiingereza, anakutana na *occur*, *suffer*, *account* na *effort*, na haoni hata kiambishi kimoja anachokijua. Vyote vimo, ila vina sura ambazo orodha haikumwonyesha.

Hapo ndipo wengi huacha, wakidhani kumbukumbu yao ni mbovu. Kumbukumbu haina kosa. Mpangilio wa kujifunza ndio uliokaa kinyumenyume. Maana ya kiambishi ni jambo la tatu. La kwanza ni sauti, la pili ni mzizi. Anayefuata mpangilio huu hutumia muda mrefu mwanzoni bila kuona faida, na inachosha kweli, lakini baadaye halazimiki kubomoa alichojenga.

Sauti kwanza

Kwenye sauti, mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji asioujua. Tunasema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya. Kiambishi ni kilekile, n-, ila mbele ya b kinageuka m kwa sababu midomo tayari inajiandaa kufunga. Tunasema nyumba ndefu, siyo nyumba nrefu; hapo n imebaki na r ndiyo iliyogeuka. Hakuna aliyefundishwa hayo darasani kabla ya kuyasema. Wanaisimu huyaita usilimisho, na Kilatini kilikuwa na tabia hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi.

Chukua *in-* ya kukanusha. Mbele ya p, b na m inakuwa *im-*: *impossible*, *imbalance*, *immature*. Mbele ya l inajifananisha nayo kabisa: *illegal*. Mbele ya r vilevile: *irregular*. Kiambishi ni kimoja chenye sura nne, na anayevikariri kama viambishi vinne amejibebesha mzigo wa bure.

Kinyonga mkubwa kuliko vyote ni *ad-*. Mbele ya konsonanti nyingi, d yake humezwa na sauti inayofuata, na ndiyo maana tunapata *accept*, *affirm*, *aggressive*, *allude*, *annex*, *appear*, *arrive*, *assist* na *attract*. Mbele ya q inakuwa *ac-*: *acquire*. Mbele ya sc, sp na st, d inadondoka kabisa: *ascend*, *aspire*, *astringent*. Inabaki *ad-* yenyewe mbele ya irabu na mbele ya d, h, j, m na v, kama katika *adapt*, *address*, *adhere*, *adjacent*, *admit* na *adverb*. Kwa hiyo neno *arrive* ni *ad* pamoja na *ripa*, yaani ukingo wa maji: kufika ufukoni. Ukishaona hilo mara moja, r mbili za *arrive* hazikusumbui tena.

*Sub-*, yaani chini ya, inafuata njia hiyohiyo: *succeed*, *suffer*, *suggest*, *summon*, *support*, *surrogate*, na mara nyingine *sus-* kama katika *sustain* na *suspend*. *Ob-*, yaani mbele ya au dhidi ya, hutoa *occur*, *offer* na *oppose*. *Com-*, ndiyo ile *con-* ya orodhani, hutoa *combine*, *connect*, *collect*, *correct*, na mbele ya irabu au h hubaki *co-* tu: *coalesce*, *cohere*. *Dis-* hutoa *differ* mbele ya f, na *di-* katika *digest*, *divert* na *dilute*. *Ex-* hutoa *effect* mbele ya f, na *e-* tupu katika *emit*, *elect*, *erupt*, *eject* na *evict*.

*Ex-* ina mtego mmoja zaidi. Herufi x tayari ina sauti ya s ndani yake, kwa hiyo mzizi ukianza na s, hiyo s hupotea katika maandishi. *Exist* ni *ex* na *sistere*, *execute* ni *ex* na *sequi*, *expect* ni *ex* na *spectare*. Anayetafuta mzizi *pect* katika *expect* atatafuta mpaka achoke.

Faida ya kwanza ya kazi hii huonekana kwenye tahajia, na ndiyo inayowapa watu moyo wa kuendelea. Herufi mbili za aina moja zinazofuatana karibu na mwanzo wa neno la Kilatini mara nyingi ni alama ya mshono: moja ni ya kiambishi, nyingine ni ya mzizi. *Accommodate*, neno ambalo hata Waingereza hulikosea, lina viambishi viwili, *ad-* na *com-*, kisha mzizi *modus*. C ya kwanza ilikuwa d, c ya pili inaanza *com-*, m ya kwanza inafunga *com-*, m ya pili inaanza mzizi. Basi c mbili, m mbili. *Recommend* ni *re-* na *commend*: c moja, m mbili. *Disappoint* ni *dis-* na *appoint*: s moja, p mbili. *Dissatisfied* ni *dis-* na *satisfied*: s mbili. *Innocent* ina n mbili kwa kuwa ni *in-* na *nocere*, kudhuru. *Inoculate* ina n moja kwa kuwa ni *in-* na *oculus*, jicho, kwa maana ya chipukizi linalopandikizwa kwenye mti. *Professor* ina f moja, kwa sababu *pro-* huishia na irabu na haina cha kusilimishwa. Kwa sababu hiyohiyo *proceed* ina c moja na *succeed* ina mbili.

Kanuni hii hushindwa katika maneno machache yanayokutana na watu kila siku. *Annual* haina kiambishi. Inatoka *annus*, mwaka, yenye n mbili tangu Roma. *Summit* inatoka *summus*. *Apple* na *arrow* ni Kiingereza cha asili, na *assassin* imetoka Kiarabu. *Apartment* ina kiambishi *ad-* ndani yake, lakini Kiingereza huiandika kwa p moja ilhali Kifaransa huweka mbili. Neno la aina hii likikupinga, fungua kamusi yenye sehemu ya asili ya neno. Usilazimishe.

Zoezi linalofaa kwa hatua hii ni dogo. Chukua ukurasa mmoja wa maandishi ya Kiingereza, pigia mstari kila neno lenye konsonanti pacha katika herufi 4 au 5 za mwanzo, likate pale pacha zinapoachana, rudisha kiambishi kwenye sura yake ya asili, kisha hakiki kwenye kamusi. Maneno 10 kwa siku yanatosha. Ukizidisha utaanza kubahatisha, na kubahatisha huku kunaacha makosa magumu kung'oa.

Mzizi, mahali ambapo muda mwingi unakwenda

Kiambishi bila mzizi ni mwelekeo bila mwendo. Mizizi 15 inatosha kuanzia: *capere* kushika, *cedere* kwenda, *ducere* kuongoza, *facere* kufanya, *ferre* kubeba, *iacere* kutupa, *mittere* kutuma, *pellere* kusukuma, *ponere* kuweka, *scribere* kuandika, *specere* kutazama, *tenere* kushikilia, *trahere* kuvuta, *venire* kuja na *vertere* kugeuza. Karibu yote ni vitenzi vya mwili: mkono, mguu, jicho. Ndiyo maana vilihitaji viambishi vya mwelekeo, na ndiyo maana maneno ya ofisini na mahakamani, yanayoonekana makavu, yakifunuliwa yana watu wanaovuta, kusukuma na kubeba.

Shida ni kwamba kila mzizi una sura mbili au tatu. *Mittere* ni *mit* katika *admit* na *permit*, lakini *miss* katika *mission* na *dismiss*. *Capere* ni *cap* katika *capture*, *cept* katika *accept*, *cip* katika *recipient*, na ikipitia Kifaransa inakuwa *ceive* katika *receive*. *Facere* ni *fact*, kisha *fect* katika *effect*, kisha *fic* katika *deficient*.

Kubadilika huko kwa irabu si ovyo. Katika Kilatini cha kale mkazo ulikaa kwenye silabi ya kwanza ya neno. Kiambishi kikipachikwa mwanzoni, mkazo ulihamia kwake, na irabu ya mzizi, ikiwa haina mkazo tena, ikafifia: a ikawa e au i, e ikawa i. Kanuni hii moja inaeleza kwa nini *annual* ina a lakini *biennial* na *perennial* zina e. Kwa nini *apt* hukanushwa kuwa *inept*. Kwa nini *damn* iko ndani ya *condemn*. Kwa nini *tenant* na *continent* zina mzizi mmoja. Hata *enemy* ni *in-* na *amicus*, asiye rafiki, iliyopitia kinywa cha Wafaransa. Hili linastahili wiki nzima peke yake, na wanaoliruka hurudi kulitafuta baadaye.

Njia nzuri ya kuhifadhi mizizi ni jedwali. Andika mizizi kushuka chini, viambishi kwenda kulia, kisha jaza visanduku kwa maneno unayokutana nayo kwenye usomaji, siyo kwa maneno unayoyatunga. Mstari wa *specere* utajaa haraka: *aspect*, *circumspect*, *expect*, *inspect*, *perspective*, *prospect*, *respect*, *retrospect*, *suspect*. Mstari wa *ducere* utapata *abduct*, *conduct*, *deduct*, *induce*, *introduce*, *produce*, *reduce*, *seduce*. Acha visanduku vitupu viwe vitupu. Jedwali lina kishawishi kikubwa cha kujaza kila pengo, na huko ndiko maneno kama *interduce* yanakozaliwa.

Kilicho hai na kilichokufa

Sasa ndipo maana inaingia, na kabla ya kuikubali kuna jaribio moja la kufanya. Ondoa kiambishi. Je, kinachobaki ni neno la Kiingereza linalojitegemea, lenye maana ileile? *Rewrite* bila *re-* ni *write*: linajitegemea. *Receive* bila *re-* ni *ceive*: halipo. Katika kundi la kwanza kiambishi ni hai, na maana yake unaweza kuiamini. Katika kundi la pili kiambishi kimegandamana na mzizi tangu zama za Roma, na maana yake ni kumbukumbu tu.

Usilimisho wenyewe ni dalili ya umri. *Suffer* ni la kale, kwa hiyo b imemezwa. *Subfamily* ni jipya, kwa hiyo b imebaki, ingawa f ni ileile. Ukiona kiambishi kimesimama bila kubadilika mbele ya sauti ambayo ilipaswa kukibadilisha, jua neno limeundwa karibuni na maana yake iko wazi. *In-* ya kukanusha ndiyo inayovunja desturi hii, maana bado inasilimishwa hadi leo.

Viambishi vilivyo hai sana ni *re-*, *pre-*, *post-*, *inter-*, *sub-*, *super-*, *trans-*, *ultra-*, *multi-*, *non-*, *co-*, na *ex-* ya mtu aliyeacha cheo, kama *ex-president*. Baadhi ya maneno yao tunajua hata yalipoanzia: *international* lilibuniwa na mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham katika kazi aliyoichapa mwaka 1780. Alihitaji neno la sheria zinazohusu mataifa na mataifa, akachukua *inter-* na *national*, akaomba radhi kidogo kwa upya wake, na leo halionekani kama neno la kubuniwa.

Waliolala ni *ab-*, *ad-*, *ob-* na *se-*. Hakuna anayeunda neno jipya kwa *ob-*. Kwa hawa, usijaribu kukisia maana ya neno zima. Jifunze neno kwanza, kisha tumia kiambishi kama kishikio cha kulikumbuka. *Segregate* ni *se-*, kando, na *grex*, kundi la mifugo: kumtenga mnyama na kundi lake. *Secure* ni *se-* na *cura*: bila wasiwasi. Picha hizi zinashika vizuri, lakini zinashika baada ya kujua maana, siyo kabla.

Na kuna viambishi vinavyofanya kazi ya kukazia tu. *Re-* katika *research* haisemi kutafuta tena. Inasema kutafuta kwa bidii. *De-* katika *declare* haishushi chochote, inakoleza uwazi. *Per-* katika *perfect* ni kufanya mpaka mwisho. Anayeshikilia kuwa *re-* daima ni kurudia atafasiri utafiti kama marudio, na sentensi nzima itapinda.

In- mbili

Kosa lenye gharama kubwa kuliko yote liko hapa. Kilatini kilikuwa na *in-* mbili tofauti zilizofanana kwa sauti. Moja ni ya kukanusha, kama katika *invisible*. Nyingine ni ya kuingia ndani au juu ya kitu, kama katika *include*, *import*, *illuminate* na *irrigate*. Zote mbili zinasilimishwa kwa namna moja, kwa hiyo sura haikusaidii.

*Inflammable* ni mfano wa hatari. Ina *in-* ya kuingia: kinachoweza kuingia moto. Maana yake ni sawa kabisa na *flammable*. Kwa sababu watu walilisoma kama kisichowaka, wataalamu wa usalama katika karne ya 20 walihimiza *flammable* itumike kwenye lebo, na *nonflammable* kwa kisichowaka. Lebo zenye neno la zamani bado zipo. *Inhabitable* nayo ni mahali panapokalika. Pasipokalika ni *uninhabitable*. *Invaluable* ina *in-* ya kukanusha kweli, lakini maana yake ni kisichoweza kutajiwa thamani, yaani chenye thamani kubwa mno. Anayemwambia mwenzake kuwa msaada wake ulikuwa *invaluable* anamsifu.

Namna ya kupambanua ipo, ingawa si kamili. Ukanushi hukaa zaidi kwenye vivumishi na nomino zake: *incorrect*, *injustice*. Kuingia hukaa zaidi kwenye vitenzi: *inject*, *impose*, *inscribe*. Neno likiwa kivumishi kilichotokana na kitenzi, kama *inflammable* na *inhabitable*, rudi kwenye kitenzi kwanza. *Inflame* ni kuwasha. Basi.

Kiingereza kina pia *un-* yake ya asili, isiyotoka Kilatini, na hizi mbili hugawana familia kwa namna inayoudhi: *unable* lakini *inability*, *unstable* lakini *instability*, *unequal* lakini *inequality*, *unjust* lakini *injustice*. Kivumishi kifupi kilichozoeleka huchukua cha Kiingereza. Nomino ndefu yenye tamati ya Kilatini huchukua cha Kilatini. Na *uninterested* si *disinterested*: wa kwanza hajali, wa pili hana maslahi katika jambo, kama hakimu anavyotakiwa kuwa.

Kipindi cha kulewa

Baada ya hapo huja kipindi ambacho karibu kila mtu hukipitia. Kila neno linaonekana lina kiambishi. *Reach* inakatwa, *uncle* inakatwa, *pretty* inakatwa. Ni kipindi cha raha, na ndicho kinachoharibu zaidi, kwa sababu maelezo ya uongo hukumbukwa kwa urahisi uleule wa maelezo ya kweli.

*Uncle* inatoka *avunculus*, mjomba, na haina *un-*. *Reach* na *pretty* ni Kiingereza cha asili. *Inter* ikiwa kitenzi chenye maana ya kuzika ni *in* na *terra*, ardhini, haihusiani na *inter-* ya kati ya. *Surround* inaonekana kama *sur-* na *round*, lakini asili yake ni *super* na *unda*, wimbi: kufurikiwa. Wimbi hilohilo limo ndani ya *redundant*, ambako *re-* imepata d mbele ya irabu.

Wasomi wenyewe walilewa hivi. Katika karne ya 16, Waingereza waliojua Kilatini walitazama neno lao *avaunce*, wakadhani a yake ni *ad-* iliyopoteza d, wakairudisha: *advance*. Kumbe asili ilikuwa *abante*, yenye *ab-*. D hiyo haikuwahi kuwapo. *Admiral* nayo ina *ad-* ya uongo kabisa. Ni amiri ya Kiarabu, ileile ya amiri jeshi wetu, iliyopachikwa d kwa kufananishwa na maneno ya Kilatini ya kustaajabia na kuheshimu.

Mlango wa Kifaransa

Kilatini kiliingia Kiingereza zaidi ya mara moja. Kilikuja na kanisa, hasa baada ya ujumbe wa mtawa Augustine kufika Kent mwaka 597. Kikaja kwa wingi kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kisha wasomi wa karne ya 16 na 17 wakachota moja kwa moja vitabuni. Neno lililopita Ufaransa limekwaruzwa. Lililotoka kitabuni limebaki zima. Ndiyo maana Kiingereza kina *receive* na *reception* katika familia moja.

Kwa mwanafunzi hii ina maana kwamba viambishi kadhaa vina nakala mbili. *Super-* ya kitabuni ni *sur-* ya Kifaransa: *surface*, *surname*, *survive*, *surcharge*. Usiichanganye na *sur-* ya *surrogate*, ambayo ni *sub-*. Moja ni juu, nyingine ni chini, na zinaandikwa sawasawa. *Contra-* ni *counter-*. *In-* ni *en-*, na hapo ndipo inatoka tofauti ya *insure*, kukatia bima, na *ensure*, kuhakikisha. *Pro-* ni *pur-* katika *purpose* na *pursue*. *Inter-* ni *enter-* katika *entertain* na *enterprise*.

Kuna maneno ambayo kiambishi kimesagika mpaka hakionekani. *Cost* ni *constare*, *count* ni *computare*, *cover* ni *cooperire*, *spend* ni *expendere*, *strange* ni *extraneus*, *sample* ni *exemplum*. Haya hayahitaji kukaririwa. Yanatosha kukuonya usidhani kila neno fupi la Kiingereza ni la asili.

Jozi zinazochanganya

*Ante-* ni kabla, Kilatini. *Anti-* ni dhidi ya, Kigiriki. *Antenatal* ni kabla ya kuzaa. Lakini *anticipate* ina *ante-* iliyobadilika irabu, na haipingi chochote. *Inter-* ni kati ya vitu mbalimbali, *intra-* ni ndani ya kimoja: intaneti huunganisha mitandao, intraneti hubaki ndani ya taasisi. *Intro-* ni kuelekea ndani, kwa hiyo ni *introvert*, siyo *intravert*. *Prescribe* ni kuagiza dawa au kuweka kanuni. *Proscribe* ni kupiga marufuku. Zinatofautiana kwa irabu moja, na kwenye hati ya kisheria irabu hiyo ni kila kitu.

Za nambari ni nyepesi. *Uni-*, *bi-*, *tri-*, *quadri-*, na kuendelea. Vipimo vya metriki, vilivyowekwa kisheria Ufaransa mwaka 1795, vilitumia Kilatini kwa sehemu ndogo, *deci-*, *centi-*, *milli-*, na Kigiriki kwa mazidisho, *deca-*, *hecto-*, *kilo-*. Anayejua hilo hachanganyi *decimetre* na *decametre*. *Bi-* pekee ndiyo ya kukwepa: *bimonthly* inaweza kuwa mara mbili kwa mwezi au mara moja kila miezi miwili, na kamusi hukubali zote. Kwenye ratiba andika kwa kirefu.

Kutamka na kuandika

Viambishi hivi vinaathiri mkazo, na wazungumzaji wa Kiswahili, waliozoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hujikwaa hapa. Maneno mengi ya silabi mbili hubadili mkazo kulingana na kazi. *Permit*, *export*, *record*, *conduct*, *object*, *contract*: yakiwa nomino, mkazo uko kwenye kiambishi, yakiwa vitenzi, uko kwenye mzizi. *Object* yenye mkazo mwanzoni ni kitu. Yenye mkazo mwishoni ni kupinga. Usieneze kanuni kwa maneno yote, maana *report* na *respect* hubaki na mkazo kwenye mzizi popote. *Ex-* nayo, ikifuatwa na irabu yenye mkazo, hutamkwa gz, kama katika *exact* na *exam*, na ks katika *export*.

Kistari ndicho cha mwisho, na ni kidogo cha kudharauliwa mpaka kinapobadili mkataba. *Re-* hai huandikwa bila kistari katika maneno mengi, *rewrite*, *rebuild*, lakini huwekewa kistari pale neno lisilo nacho lina maana nyingine. *Recover* ni kupona au kurejesha. *Re-cover* ni kufunika upya. *Reform* ni kufanyia mageuzi. *Re-form* ni kuunda upya. *Resign* ni kujiuzulu, na *re-sign* ni kusaini tena. Mchezaji au mfanyakazi anayeandika kuwa anataka kuendelea na mkataba akasahau kistari hicho ameandika barua ya kuacha kazi.